Kanisa Lililotafuta Mikono: Chimbuko la Uothodoksi wa Kiafrika Magharibi mwa Nairobi

Utangulizi

Wanafunzi wengi wa Kiswahili huufahamu mgogoro wa tohara uliolikumba Kanisa katika nchi ya Wakikuyu mwaka 1929 kwa kupitia riwaya. Ngũgĩ wa Thiong'o aliuchora mgogoro huo katika The River Between (1965), ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Njia Panda. Humo mna Joshua, mhubiri asiyelegeza kamba. Mna Kabonyi, aliyejitenga naye. Mna Muthoni, anayekufa akitaka kuwa Mkristo na mwanamke wa kabila lake kwa wakati mmoja. Na mna Waiyaki, mwalimu kijana anayejenga shule. Riwaya hiyo inaeleza vyema haja ya shule. Kulikuwa, hata hivyo, na haja nyingine ambayo riwaya haikuipa nafasi kubwa. Watu waliotoka katika misheni walikuwa bado Wakristo, nao walihitaji mtu wa kuwabatizia watoto, kuwafungishia ndoa na kuwazikia wafu wao. Shule yaweza kujengwa kwa miti na nyasi, na mwalimu akapatikana miongoni mwa waliokwisha kusoma. Kasisi hapatikani hivyo. Kwa mapokeo ya makanisa ya kale ni lazima awekewe mikono na askofu, na askofu huyo awe amewekewa mikono na maaskofu waliomtangulia, mkono kwa mkono, hadi kwa mitume.

Makala haya yanafuatilia jinsi kundi la wakulima wa vijiji vya Waithaka, Riruta na viunga vyake, ng'ambo ya Kangemi, lilivyoitafuta mikono hiyo, na jinsi utafutaji wao ulivyowafikisha Kimberley, New York na hatimaye Aleksandria. Yanadai kwamba kanisa hilo dogo la mashambani halikuzaliwa kutokana na tofauti ya itikadi za dini, wala halikuwa tawi la siasa lililojivika joho. Lilizaliwa kutokana na swali moja gumu: ni nani mwenye haki ya kumpa Mwafrika ukasisi bila kumtaka kwanza atie alama ya kidole gumba?

Kangemi kati ya misheni tatu

Leo Kangemi ni mtaa wenye msongamano kando ya barabara ya Waiyaki, na mgeni anayeteremka kwenye matatu hapo hupata taabu kuamini kwamba palikuwa mashambani. Hata hivyo, hadi mipaka ya jiji ilipopanuliwa wakati wa uhuru, eneo hili lilikuwa sehemu ya ardhi ya akiba ya Wakikuyu. Mashamba ya koo yalipandwa mahindi, maharagwe na viazi vitamu juu ya miinuko, na mito midogo ikapita mabondeni. Mwenyeji wa Kangemi aliyetaka kuelekea kusini alivuka mabonde hayo akapita Kawangware, kisha Riruta, kisha Waithaka, mpaka akaufikia upande wa Dagoretti, ambako Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa imejenga boma mwaka 1890.

Barabara yenyewe imebeba jina la Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa eneo hilo aliyekamatwa na watu wa kampuni na kufia Kibwezi mwaka 1892 alipokuwa akipelekwa pwani. Inafaa kukumbuka kwamba Kibwezi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa makao ya kwanza ya Misheni ya Uskoti, iliyoanzishwa mwaka 1891, na kwamba Waskoti walihama kutoka huko mwaka 1898 wakaja kukita Thogoto, karibu na alikotoka Waiyaki. Ngũgĩ hakulichagua jina la mhusika wake mkuu kwa kubahatisha.

Basi kufikia miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, miinuko ya Kangemi ilikuwa imezungukwa na misheni tatu. Upande wa mashariki walikuwapo mapadri wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu katika Mtakatifu Austin, tangu 1899, wakihubiri na kulima kahawa. Upande wa Kabete walikuwapo Waanglikana wa CMS, ambako Harry Leakey alifika mwaka 1902. Kusini-magharibi walikuwapo Waskoti wa Thogoto, ambako Daktari John Arthur aliwasili mwaka 1907. Walutheri hawakuwamo katika mgao huo. Misheni ya Leipzig ilikuwa imeshika Ikutha katika Ukambani na, kuanzia 1893, miteremko ya Kilimanjaro; na Vita vya Kwanza vya Dunia vikawaondoa Wajerumani hao katika eneo la Waingereza.

Kutokuwapo kwao si jambo dogo kama linavyoonekana. Huko Kilimanjaro, Mlutheri Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902, alijaribu kulijenga Kanisa juu ya ukoo, ujirani na rika, akiamini kwamba vifungo hivyo vilikuwa vimewekwa na Mungu kabla ya mmisionari kufika. Na kwa sababu hiyo hiyo alikishikilia Kichagga na kukitilia shaka Kiswahili. Mtu anaweza kumlaumu Gutmann kwa mengi, na wanafunzi wa Kiswahili wana sababu yao ya pekee ya kumlaumu, lakini hakuutazama ukoo kama adui. Thogoto ilichukua njia nyingine.

Kirore na Karing'a

Ifahamike kwamba Waskoti walikuwa wameipinga tohara ya wasichana kwa miaka mingi kabla ya 1929, hasa kwa sababu za kitabibu. Daktari Arthur na wauguzi wa hospitali ya Thogoto waliyaona madhara yake wakati wa kujifungua, na katika hilo hawakukosea. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeipiga marufuku desturi hiyo, na wala makala haya hayakusudii kuitetea. Kilichozua mtafaruku mwaka 1929 kilikuwa namna ya kuipinga. Misheni ya Uskoti, pamoja na AIM ya Kijabe na Gospel Missionary Society, ziliwataka walimu na waumini watangaze kwa maandishi kwamba wameikana tohara ya wasichana na, kwa Waskoti, kwamba wamejitenga na Chama Kikuu cha Wakikuyu, KCA. Asiyekubali angefukuzwa kazi, angenyimwa Meza ya Bwana, na watoto wake wangetolewa shuleni. Waanglikana hawakuchukua msimamo mmoja, na katika sehemu zao nyingi dhoruba ilikuwa hafifu zaidi.

Wasiojua kuandika waliweka alama ya kidole gumba. Kwa Kikikuyu alama hiyo iliitwa kirore, na jina likawaganda waliotia: wakaitwa Kirore. Waliokataa walijiita Karing'a, yaani halisi, wasiochanganyika. Hapa mwanaisimu ana la kutazama. Neno lililomaanisha alama ya wino kwenye karatasi liligeuka kuwa jina la kundi la watu, na papo hapo likawa tusi. Sababu haiko mbali. Wakikuyu wa Kiambu walikuwa wamewaona wazee wakitia alama kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma, na baadaye ardhi ikaonekana imekwenda. Kutia kidole hakukuwa ishara ya imani; kulifanana mno na kuuza shamba. Msemo wa wakati huo ulishikamanisha yote mawili: Gũtirĩ mũthũngũ na mũbea, maana yake hakuna tofauti kati ya mzungu na padri. Nalo neno mũbea lenyewe limetokana na wale majirani Wafaransa wa Mtakatifu Austin, ambao waumini waliwasikia wakiitwa mon père.

Nyimbo za Muthirigu zikaenea, zikiwakejeli wamisionari, machifu na waliotia kidole, na serikali ikazipiga marufuku Januari 1930. Mwezi huo huo mmisionari Hulda Stumpf aliuawa Kijabe. Ni dhahiri kwamba pande zote mbili zilikuwa zimefika mahali ambapo hakuna tena aliyekuwa akimsikiliza mwenziwe. Na ni dhahiri pia kwamba wale ambao miili yao ndiyo iliyokuwa ikijadiliwa, wasichana wenyewe, hawakuitwa katika kikao chochote, si cha wazee wa misheni wala cha wazee wa Karing'a. Kanisa linaloelezwa hapa lilianza likiwa na doa hilo, na historia yake isimuliwe nalo.

Shule zisizo na kasisi

Waliotoka Thogoto hawakurudi katika dini ya mababu, ingawa wamisionari walitabiri hivyo. Walijenga shule. Wazee walitoa viwanja katika ardhi ya koo, kina mama wakabeba mawe na maji, na michango ikakusanywa kwa senti. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 juhudi hizo zilijipanga katika vyama viwili. KISA, yaani Chama cha Shule Huru za Kikuyu, kilikuwa na nguvu zaidi katika Murang'a na Nyeri, na kilikuwa tayari kushirikiana na Idara ya Elimu. KKEA, Chama cha Elimu cha Kikuyu Karing'a, kilishika Kiambu, hususan upande wa Dagoretti na Limuru, na kilikuwa na msimamo mkali zaidi wa kutotaka kuongozwa na serikali wala misheni. Ngũgĩ mwenyewe alisoma Manguo, Limuru, katika shule iliyokuwa ya mkondo huo wa wazalendo, na ameeleza katika Decolonising the Mind (1986) jinsi lugha ya Kikikuyu ilivyothaminiwa humo kabla serikali haijaitwaa.

Jengo la shule siku ya Jumapili liligeuka kanisa. Mwalimu akawa mhubiri. Mpaka hapo hakukuwa na shida, kwa kuwa Waskoti wenyewe walikuwa wamewazoesha walimu wa vijijini kuongoza ibada. Shida ilikuja pale mtoto alipozaliwa. Je, mwalimu aweza kubatiza? Waliokuwa wamelelewa katika misheni walijua jibu, na jibu lilikuwa la. Watoto wakakua bila ubatizo, vijana wakaoana bila baraka ya kanisa, na Meza ya Bwana haikuandaliwa kabisa. Kwa mtu asiye muumini mambo haya huenda yakaonekana madogo mbele ya suala la ardhi. Kwa mama aliyefiwa na mtoto ambaye hajabatizwa hayakuwa madogo.

Viongozi wa KISA walimwendea kwanza askofu wa Kianglikana wa Mombasa, wakamwomba awafundishie vijana wao ukasisi. Hawakuafikiana, maana askofu hangeweza kuwapa ukasisi watu ambao wangetumika nje ya mamlaka yake, na wao hawakutaka kurudi chini ya mamlaka ya wamisionari. F. B. Welbourn, aliyeyachunguza makanisa haya katika East African Rebels (1961), aliona kwamba walichokuwa wakikitafuta kilikuwa mahali pa kujisikia wako nyumbani. Kauli hiyo ni nzuri, lakini inaufunika ukweli mmoja. Kama nyumba tu ndiyo iliyotakiwa, wangaliweza kuwekeana mikono wenyewe kwa wenyewe, kama wengine walivyofanya. Wao walitaka nyumba yenye hati.

Mikono kutoka Kimberley

Hati hiyo ilionekana kuja kwa njia ya bahari. Askofu Mkuu Daniel William Alexander, mzaliwa wa Port Elizabeth aliyekuwa na makao yake Kimberley, Afrika Kusini, alikuwa amekwenda Uganda mwaka 1931 kwa mwaliko wa Reuben Spartas Mukasa, na mwaka 1932 akawapa ukasisi Spartas na mwenzake Obadiah Basajjakitalo. Spartas alikuwa amelitangaza Kanisa la Othodoksi la Kiafrika nchini mwake tangu Januari 1929, baada ya kusoma habari zake katika gazeti la Negro World la Marcus Garvey. Habari za askofu huyo mweusi ziliwafikia Wakikuyu kupitia Mombasa, ambako meli yake ilipita. Na James Beauttah, mwanasiasa wa KCA, akawa mmoja wa waliounganisha pande hizo mbili.

Ukasisi wa Alexander ulitoka wapi? Swali hili lilikuwa la kufa na kupona, na jibu lake linashangaza. Alexander aliwekewa mikono mwaka 1927 huko Boston na George Alexander McGuire, mzaliwa wa Antigua, aliyekuwa kasisi mkuu wa chama cha Garvey, na aliyelianzisha Kanisa la Othodoksi la Kiafrika huko New York mwaka 1921. McGuire naye aliwekewa mikono mwaka huo wa 1921 na Joseph René Vilatte, askofu wa kujitegemea, ambaye mwenyewe alipata uaskofu Colombo, Ceylon, mwaka 1892, kutoka kwa askofu wa Wakristo wa Kisiria wa India. Kwa hiyo uzi uliowafikia wakulima wa Waithaka ulikuwa umepita Ceylon, Marekani na migodi ya almasi ya Kimberley. Wao waliona jambo moja katika uzi huo: haukupita Thogoto.

Alexander alifika Kenya Novemba 1935 kwa gharama za wenyeji wake, akakaa hadi katikati ya 1937. Alisafiri akibatiza, na mwaka 1936 akafungua darasa la theolojia Gituamba, Murang'a. Wanafunzi wengi walitumwa na KISA. Karing'a ilimtuma Arthur Gatung'u, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Gathuna na ambaye huduma yake iliegemea Waithaka. Kabla ya kuondoka mwaka 1937, Alexander aliwapa wanafunzi wake daraja takatifu. Kwa mara ya kwanza eneo la Dagoretti likawa na kasisi ambaye hakuwekwa na mzungu.

Umoja haukudumu. Watu wa KISA wengi walilichukua jina la African Independent Pentecostal Church, ambalo hadi leo huwapotosha wasikilizaji, kwani kanisa hilo si la Kipentekoste kwa maana inayojulikana mitaani. Neno hilo liliichagua siku ya Pentekoste yenyewe: kama Roho aliwashukia mitume pasipo askofu wa kuwaruhusu, anaweza kuwashukia Wakikuyu pia. Hiyo ilikuwa njia moja ya kulijibu swali la mikono, yaani kulikata. Gatung'u na watu wa Karing'a walilikumbatia jina la Othodoksi.

Huenda jina lenyewe lilikuwa na mvuto wake. Othodoksi ni neno la Kiyunani lenye maana ya imani au sifa iliyonyooka. Karing'a ni kitu halisi, kisichotiwa maji. Maneno haya mawili hayana nasaba yoyote, lakini yanakutana katika maana, na si vigumu kuona kwamba waliokuwa wakijiita halisi nyumbani walifurahi kupata kanisa lililojiita la haki tangu kale.

Mikono kutoka Aleksandria

Lakini uzi wa Vilatte ulikuwa na fundo. Padri wa Kiyunani Nikodemo Sarikas, aliyewahudumia walowezi wa Kiyunani katika Tanganyika ya kaskazini, alimfahamisha Spartas kwamba makanisa ya kale ya Mashariki hayakuutambua ukasisi wa Alexander. Kwa watu waliokwisha kutumia fedha na miaka yao kuutafuta uhalali, hilo lilikuwa pigo. Wangaliweza kulipuuza. Hawakulipuuza, na katika kutolipuuza ndipo inapoonekana kwamba swali la mikono lilikuwa la dhati kwao wala si kisingizio cha siasa. Spartas aliachana na Alexander, akaandikiana na Aleksandria kwa miaka mingi, na Gatung'u akaungana naye. Mwaka 1946 Upatriaki wa Aleksandria, chini ya Patriaki Christophoros wa Pili, uliwapokea rasmi Waothodoksi wa Uganda na Kenya.

Watu wa Waithaka hawakuwa wajinga wa siasa walipochagua Aleksandria. Ni kanisa lililo Afrika, mapokeo yake yanamtaja Marko Mwinjili kuwa mwanzilishi, na kabla ya yote halikuwa na gavana wala polisi Nairobi. Kwa Kanisa la Uskoti kulikuwa vigumu kutenganisha kasisi na bendera. Patriaki wa Aleksandria hakuwa na bendera yoyote Kenya.

Upande mwingine wa faida hiyo ulionekana Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilipotangazwa. Kanisa lisilo na bendera halikuwa na wa kulitetea. Shule za KISA na Karing'a zilifungwa au kukabidhiwa misheni na halmashauri, makanisa yao yakapigwa marufuku, na chuo cha walimu cha Githunguri, kilichofunguliwa mwaka 1939 na kuongozwa na Peter Mbiyu Koinange, kikageuzwa mahali pa kunyongea watu. Gathuna alitiwa kizuizini kwa miaka kadhaa. Waumini waliobaki hawakuwa na jengo la kusalia wala kasisi, yaani walirudi pale pale walipokuwa mwaka 1930.

Katikati ya giza hilo kulipita mgeni. Askofu Mkuu Makarios wa Tatu wa Kupro, ambaye Waingereza walimpeleka uhamishoni Ushelisheli Machi 1956 kwa sababu ya harakati za uhuru wa nchi yake, aliachiwa mwaka 1957 akapitia Nairobi akielekea Athene. Mwothodoksi, askofu, na mfungwa wa Waingereza: ni vigumu kumbuni mtu ambaye angeeleweka upesi zaidi katika vijiji vya Dagoretti. Aliporudi Kenya mwaka 1971 alikuwa rais wa Kupro, na mwenyeji wake Jomo Kenyatta alikuwa rais wa Kenya. Katika ziara hiyo maelfu ya watu walibatizwa, na jiwe la msingi la seminari likawekwa Riruta, mwendo mfupi kutoka Kangemi. Makarios alifariki mwaka 1977 kabla ya kuona mwanafunzi hata mmoja ndani yake. Masomo yalianza mapema katika miaka ya 1980, wakati Anastasios Yannoulatos, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Albania, alipokuwa akiliongoza Kanisa hilo Afrika Mashariki.

Swali la lugha

Msomaji wa jarida la Kiswahili atauliza: Kiswahili kilikuwa wapi katika haya yote? Jibu la haki ni kwamba mwanzoni hakikuwapo. Shule za Karing'a zilisimama juu ya Kikikuyu, na ibada pia. Wito wa uhalisi ulikuwa na lugha yake, na lugha hiyo ilikuwa ya ukoo. Lakini tangu miaka ya 1940 Uothodoksi ulikuwa umeingia Magharibi mwa Kenya miongoni mwa Waluhya, na watu hao hawakuwa na sababu ya kusali kwa Kikikuyu. Seminari ya Riruta iliwakusanya vijana wa makabila mengi, na Kangemi yenyewe ikajaa wapangaji waliotoka Magharibi. Kanisa lililoanza kwa neno Karing'a likajikuta likihitaji lugha isiyo ya ukoo wowote. Liturjia imetafsiriwa katika lugha kadhaa za Kenya, Kiswahili kikiwamo, na watafsiri wake wamekabiliwa na kazi ya kutafuta maneno kwa mapokeo ambayo Biblia za Kiprotestanti hazikuyahitaji: ikoni, sinodi, patriaki, na mengineyo yaliyochukuliwa karibu yalivyo.

Mfano mmoja wa tafsiri unastahili kutajwa, nao ulikwenda kinyume na mkondo wa kawaida. Mwaka 1958 Upatriaki ulipounda jimbo kuu la Afrika Mashariki, uliupa mji wa Dar es Salaam jina la Kiyunani: Irinoupolis, mji wa amani. Hivyo kwa miaka mingi wakulima wa Waithaka, ambao hawakuwahi kuiona bahari, walikuwa chini ya askofu aliyeitwa kwa jina la mji wa Waswahili lililovishwa joho la Kiyunani.

Fundo la mwisho

Mwaka 1973 mikono iliyotafutwa tangu 1930 ilifika kileleni. Spartas, Gathuna na Mganda Theodoros Nankyamas waliwekwa kuwa maaskofu. Gathuna alipewa jina la Georgios, askofu wa Nitria, jangwa la watawa wa kale wa Misri. Sasa mtu wa Waithaka aliweza kuweka mikono yake juu ya mwingine, na Aleksandria ikautambua ukasisi huo.

Haikuchukua muda. Kulitokea mgongano kuhusu mamlaka na mali kati yake na uongozi wa Kiyunani, na mwaka 1979 sinodi ya Aleksandria ikamvua uaskofu. Hakukubali. Sehemu ya waumini ilimfuata, wengine wakabaki na Upatriaki, na vijiji ambavyo vilikuwa vimegawanyika kuwa Kirore na Karing'a miaka hamsini kabla viligawanyika tena. Kila familia ililazimika kuamua ni mkono upi ulio halali wa kumbatizia mtoto. Aliyekuwa akivuliwa ni yule yule aliyetumwa Gituamba akiwa kijana ili swali hilo lisiulizwe tena.

Gathuna alifariki mwaka 1987 akiwa bado amevuliwa. Mwaka 2006, chini ya Patriaki Theodoros wa Pili, Aleksandria ilimrudishia cheo chake cha uaskofu, akiwa amekwisha kulala kaburini miaka 19.